Maneno ya Mkalama yafasiriwe wenyewe wangali hai

Mwaka 1912 chama cha jiografia cha mji wa Hamburg, Ujerumani, kilichapisha taarifa ya safari ya mwanajiografia Erich Obst. Kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa "Kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga". Mkalama hiyo ni hiihii ya mkoa wa Singida. Wakati ule ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani. Leo jina lake limebebwa na wilaya nzima, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Nchi aliyoiendea Obst ni bonde la ziwa Eyasi, na watu aliowafuata ni wale ambao Tanzania yote sasa inawajua kwa jina la Wahadzabe. Yeye hakuandika Wahadzabe. Aliandika Wakindiga.

Kindiga ni nini?

Jibu linaanzia kwenye kamusi ya Kiswahili, katika neno ambalo wasomaji wachache sana wamewahi kulisikia likitamkwa: tindiga. Maana yake ni kinamasi, mahali penye maji yaliyotuama na majani. Upande wa Mangola, karibu na Eyasi, katika mkoa wa Arusha wa sasa, ipo chemchemi kubwa inayolowesha ardhi na kuotesha majani ya kinamasi katikati ya nchi kavu. Wahadzabe wameishi karibu na maji hayo. Kwa hiyo Watindiga ni watu wa kinamasi, na Kitindiga ni lugha yao. Kindiga nalo yaelekea ni neno hilohilo lililopita kwanza kinywani mwa majirani Wabantu, yumkini Wanyisanzu wa Mkalama, ndipo likaingia kwenye daftari la Mjerumani.

Fasiri hiyo inakubalika kwa sababu mambo matatu yanakutana: neno lipo kamusini, kinamasi chenyewe kipo, na majirani waliolitumia wanajulikana. Likikosekana moja, fasiri hulegea. Yakikosekana yote matatu, neno hubaki bubu. Mfano upo karibu. Maandishi ya zamani ya Kijerumani yana jina jingine la watu haohao wa Eyasi: Kangeju, ambalo Wajerumani walilitamka Kangeyu. Asili yake haijapatikana hadi leo. Huenda lilikuwa jina la ukoo, au la mlima, au jibu la mtu ambaye hakuelewa alichoulizwa. Mtu wa kulithibitisha alikuwepo siku linaandikwa, na hakuna aliyemuuliza.

Miaka zaidi ya mia moja baada ya safari ya Obst, Mkalama bado ina watu wa kuulizwa. Wapo Wahadzabe wa Munguli. Wapo Wanyisanzu na Wanyiramba waliokua nao jirani, na Wataturu wanaochunga ng'ombe katika nyika ileile. Kila mmoja anabeba maneno ambayo mwenzake anaweza kuyathibitisha au kuyakosoa. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi ya kuyakusanya na kuyafasiri maneno hayo ifanywe sasa, ifanyiwe hukohuko Mkalama, na iandikwe kwa Kiswahili. Gharama ya kuchelewa si jambo la kukisia. Wapo wataalamu wengine duniani wanaoilipa kila siku ofisini kwao.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Uria Mhiti, askari wa Daudi, na Efroni Mhiti aliyemuuzia Ibrahimu pango la Makpela. Jina hilo la Wahiti ndilo wanalopewa leo watu waliotawala nyanda za Anatolia, katika nchi ya Uturuki, hadi milki yao ilipoanguka karibu na mwaka 1200 kabla ya Kristo. Mji wao mkuu uliitwa Hattusa. Magofu yake yako kwenye kijiji kilichojulikana kwa muda mrefu kama Boğazköy. Tangu Hugo Winckler aanze kuchimba hapo mwaka 1906, vimetoka ardhini vipande vya vibao vya udongo vipatavyo 30,000, vimeandikwa kwa alama zilizogandamizwa kwa ncha ya unyasi. Alama zenyewe zilisomeka, kwa kuwa zilibuniwa Mesopotamia na zilikwisha kujulikana. Lugha ndiyo haikueleweka. Mtu aliweza kutamka sentensi nzima ya Kihiti bila kujua kama inazungumzia vita, sala au deni la ngano.

Mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Mcheki Bedřich Hrozný alitangaza kwamba ameipata njia. Alikuwa ameikazia macho sentensi moja fupi yenye alama ya mkate, alama iliyojulikana kutoka Mesopotamia. Mkate ukitajwa, alifikiri, kula hakuko mbali. Kando yake akaona neno linalofanana na vitenzi vya kula katika lugha za Ulaya, kisha akaona neno watar. Akasoma: mkate, kula, maji, kunywa. Kutoka hapo Kihiti kikajulikana kuwa ndugu wa mbali wa Kigiriki, Kilatini na Kijerumani, tena ndugu wa zamani kuliko wote katika maandishi.

Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kana kwamba kazi ilikwisha mwaka uleule. Haikwisha. Kufanana kwa maneno kulimfungulia Hrozný mlango, lakini wapo waliodhani kila neno la Kihiti litapata maana kwa kulitafutia ndugu Ulaya, na makosa yakawa mengi. Neno halipati maana kwa sura yake tu. Linapata maana kwa maneno linayoandamana nayo, mara kumi, mara hamsini, katika sala, katika sheria, katika orodha ya mifugo. Neno lililoonekana mara moja tu, tena kwenye kibao kilichovunjika upande, linaweza kuwa jina la chombo, la mmea au la sehemu ya mwili wa kondoo wa kafara, na msomi mwaminifu huandika kando yake alama ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha kamusi kubwa ya Kihiti mwaka 1975. Mradi huo ungali unaendelea hadi leo.

Kinachowaokoa wataalamu hao, wanapobahatika, ni maandishi ya lugha zaidi ya moja. Mwaka 1946 huko Karatepe, kusini mwa Uturuki, yaligunduliwa maandishi yaleyale yaliyochongwa kwa Kifoinike na kwa Kiluwi, lugha nyingine ya Anatolia iliyoandikwa kwa picha. Kwa kuwa Kifoinike kilieleweka, Kiluwi kilipata shahidi. Mwaka 1973 huko Letoon likapatikana jiwe lenye Kilisia, Kigiriki na Kiaramu pamoja, na maneno ya Kilisia yaliyokuwa yakibishaniwa yakapata pa kuegemea. Kwa mtaalamu wa lugha hizo, ugunduzi wa namna hiyo huja mara moja katika maisha, na wengine hufa bila kuuona.

Septemba 2023 Hattusa ilitoa jambo jipya. Katika kibao cha ibada kilichoandikwa kwa Kihiti, mwandishi wa kale anaeleza kwamba maneno yanayofuata yasomwe kwa lugha ya nchi ya Kalashma, kisha anayaandika. Lugha hiyo haikuwa imejulikana kabisa. Andreas Schachner, anayeongoza uchimbaji hapo, na wataalamu wa vyuo vya Würzburg na Marburg waliweza kusema kwamba ni ya ukoo wa lugha za Anatolia. Maana ya maneno yenyewe, wakati wanatangaza, haikuwa imeeleweka. Dunia ya wasomi ilishangilia kwa haki. Lakini mtu wa Singida aliyeisoma habari hiyo gazetini alikuwa na sababu ya kuwaza zaidi. Yupo mtaalamu ambaye angetoa kila alicho nacho kwa saa moja tu na mzee wa Kalashma, mtu wa kumwonyesha neno na kumuuliza: hili mlilisema lini, na mlimwambia nani?

Mzee kama huyo yupo Munguli.

Si rahisi kupata Tanzania mahali penye lugha zinazotofautiana kwa asili kama mkoa wa Singida. Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo na Kikimbu ni Kibantu, jamaa wa Kiswahili. Lugha ya Wataturu na Wabarbaig ina asili ya Kiniloti. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Mbulu, Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi. Kihadzabe ni cha peke yake. Mwaka 1963 Joseph Greenberg alikipanga pamoja na lugha za Kusini mwa Afrika zenye vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi, lakini utafiti uliofuata haukupata ushahidi wa kutosha, na leo wengi wanakihesabu kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Wasemaji wake wanakadiriwa kuwa kama 1,000 hivi.

Lugha isiyo na ndugu humnyang'anya mtafiti ile njia ya Hrozný. Ukikutana na neno gumu la Kinyiramba unaweza kuuliza Kisukuma kinasemaje, au Kinyaturu, au hata Kiswahili, na mara nyingi jibu litakuja. Neno gumu la Kihadzabe halina pa kuulizwa ila kwa Mhadzabe mwenyewe na kwa jirani aliyeishi naye. Majirani hao wameacha alama. Hesabu za asili za Kihadzabe ni mbili tu: itchame, moja, na piye, mbili. Tatu ni samaka, neno la Kitaturu. Nne, tano na kumi zimetoka kwa Wabantu, na watafiti wanaelekeza kwa Wasukuma. Asiyejua Kitaturu atalichukua samaka kuwa neno la kale la wawindaji wa Eyasi na kulijengea nadharia. Mchungaji yeyote wa Kitaturu angemsahihisha kwa sekunde moja.

Kuna jambo kubwa kuliko hesabu. Kwa Kihadzabe punda milia anayetembea nyikani ni dongoko. Punda milia huyohuyo akishapigwa mshale na kufa huitwa hantayii. Si yeye peke yake. Wanyama wakubwa kama dazeni moja wana majina ya namna hiyo: twiga, nyati, pofu, mbuni, nyani na wengine, kila mmoja na jina la kutangazia kwamba ameuawa. Mwindaji akirudi kambini husema jina hilo, na waliokaa wanajua kwamba nyama ipo na mzigo unahitaji wabebaji. James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950 na kujifunza lugha yao, aliyaita majina ya kusherehekea.

Sasa fikiria mtafiti anayekuja na kitabu cha picha. Anaonyesha picha ya punda milia, anauliza jina, anaandika dongoko, anafungua ukurasa wa pili. Hata akikaa wiki nzima na picha zake, hantayii halitatoka. Neno hilo linahitaji upinde, mnyama aliyelala chini na watu wanaosubiri kambini. Na uwindaji wenyewe unapungua. Mashamba yameingia bondeni, mifugo imeongezeka, pori limebanwa. Kijana wa Munguli ambaye hajaona punda milia akiangushwa atalijua vipi jina lake la pili, kama si kwa kusimuliwa? Maneno ya aina hii hutangulia kutoweka kabla ya lugha yenyewe. Watu wanaweza kuendelea kusalimiana na kugombana kwa Kihadzabe kwa vizazi viwili vijavyo, huku majina ya wanyama waliouawa yakiwa yamekwisha kunyamaza.

Epeme ni neno jingine la kufikiriwa hivyo. Hutumika kwa sehemu za nyama ambazo ni haki ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika utu uzima, hutumika kwa wanaume hao, na hutumika kwa ngoma inayochezwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mtu akikuta epeme mara moja katika orodha ya zamani, pembeni pameandikwa "nyama", ataamini kwamba amelijua. Amejua theluthi.

Orodha za zamani zipo, nazo zina thamani kubwa. Obst aliandika maneno katika safari yake. Daktari Otto Dempwolff, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na aliyechapisha mwaka 1916 kitabu kikubwa cha Kisandawe, lugha nyingine yenye vidoko, aliacha pia maneno ya Kihadzabe. Dorothea Bleek alikuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1930 akiwa na sikio lililozoea vidoko, kwa sababu familia yake ilikuwa imezitumikia lugha za Wasani kwa miaka mingi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1931. Ludwig Kohl-Larsen alizunguka Eyasi katika miaka ya 1930, na hadithi alizokusanya kwa Wahadzabe zilichapishwa Ujerumani mwaka 1956. Maneno ya babu zao watu wa Mkalama yamelala katika maktaba za Ulaya, mengi yake kwa Kijerumani, lugha ambayo wajukuu hawaisomi.

Tena yana kasoro ambayo ni wajukuu hao tu wanaoweza kuirekebisha. Sikio la mgeni asiyezoea vidoko huchanganya kidoko cha menoni na kile cha ubavuni mwa ulimi, na kalamu yake huandika herufi moja kwa sauti mbili. Waandishi wa Hattusa walipata taabu kama hiyo walipolazimika kuandika lugha yao kwa alama zilizobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine; wasomi wa leo wanabishana kuhusu matamshi ya maneno mengi ya Kihiti, na ubishi huo hauna mwamuzi. Orodha ya Obst ina mwamuzi. Ikisomwa kwa sauti mbele ya wazee wa Munguli, neno moja baada ya jingine, watasema: hili ndilo, hili alilisikia vibaya, hili ni la Kinyisanzu, hili tulimsikia bibi akilitumia lakini sisi hatulitumii tena. Jibu la mwisho lina thamani kuliko yote. Likikosa kuandikwa, hakuna atakayejua kwamba liliwahi kuwepo.

Anayedhani kwamba muda upo na aitazame lugha ya Wangomvia, iliyoitwa pia Kikw'adza. Ilisemwa Mbulu, hatua chache kutoka mpaka wa Singida, nayo ilikuwa ya ukoo wa Kikushi. Heinrich Claus aliandika habari za Wangomvia mwaka 1910. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Christopher Ehret aliwahi kukusanya maneno yake kwa waliobaki wakiyakumbuka, na kabla karne haijaisha msemaji wa mwisho alikuwa amekwisha kufariki. Kiasa cha nyika ya Wamasai kilikwisha karibu na mwaka 1976. Mtu anayetaka leo kujua maana kamili ya neno la Kingomvia yuko katika hali ileile ya msomi wa Kalashma: ana karatasi, ana lugha za jirani za kulinganisha, na hana wa kumuuliza. Jambo hilo halikutokea zama za wafalme wa Biblia. Limetokea Tanzania huru, wakati redio zinalia na shule zimefunguliwa.

Lugha kubwa za mkoa nazo zisijione salama. Kinyaturu na Kinyiramba zina wasemaji wengi, lakini maneno yake adimu yanapungua kwa mwendo uleule wa ngoma, kilimo cha zamani na matambiko. Eberhard von Sick alipoandika juu ya Wanyaturu mwaka 1915 aliongeza jina wanalojiita wenyewe, akaliandika Walimi. Wenyewe husema Warimi. Dhana inayovutia ni kwamba jina hilo linatokana na kulima, kwa kuwa Kibantu huunda majina ya watendaji kwa kuweka i mwishoni, kama mwizi kutokana na kuiba na mlevi kutokana na kulewa. Inavutia, lakini kufanana kwa sura ndiko kulikowaponza waliofuata nyayo za Hrozný kwa pupa. Irabu za Kirimi ni saba, si tano kama za Kiswahili, na toni hubadili maana. Jina na kitenzi vikilinganishwa kinywani mwa Mnyaturu wa Ikungi au wa Singida mjini, ndipo itakapojulikana kama ni ndugu kweli. Howard Olson alichambua sauti na muundo wa lugha hiyo mwaka 1964, kwa Kiingereza. Ni Wanyaturu wangapi wamewahi kukiona kitabu hicho?

Iko habari moja ya Iramba inayostahili kujulikana na kila mpenzi wa Kiswahili. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki na mtu ambaye kamusi sanifu ya mwaka 1939 inabeba jina lake, aliwahi kuandika sarufi ya Kinyiramba katika miaka ya 1920 na kuchapisha hadithi za Kinyiramba mwaka 1931, katika jarida la Johannesburg. Mtu aliyesimamia kamusi ya Kiswahili sanifu alikuwa amepita kwanza darasa la Wanyiramba. Hadithi hizo zingepaswa kuwa Kiomboi, hukohuko Iramba.

Wapo wanaosita, na hoja zao zisikilizwe. Taifa hili lilijengwa kwa Kiswahili. Wanaokumbuka jinsi ukabila ulivyozisumbua nchi jirani wanaogopa kitu chochote kinachoonekana kuinua lugha za makabila. Hofu hiyo ina heshima yake, lakini haihusiani na jambo hili. Hakuna anayeomba Kihadzabe kiwe lugha ya mahakama au ya mitihani ya taifa. Kinachoombwa ni kamusi, na kamusi hiyo iwe na Kiswahili kama lugha ya maelezo, ili Mnyaturu, Mchaga na Mmakonde waweze kuisoma. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe imehimiza uandishi wa kamusi na sarufi za lugha za asili na kuzitambua kama hazina ya kukuzia Kiswahili. Mwalimu Nyerere alilichukua ng'atuka kwa Wazanaki, na leo hakuna Mtanzania anayeliona geni. Kiswahili hakijawahi kudhoofika kwa kujua jirani anasemaje.

Wengine watasema wananchi wa Mkalama wanahitaji maji, barabara na zahanati kabla ya kamusi. Wanavihitaji. Hata hivyo, gharama ya wanafunzi wanne wa shahada ya pili kukaa Munguli na Nduguti kwa mwaka mmoja, wakiwa na vinasa sauti, haimnyang'anyi mtu kisima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana: Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, pamoja na vitabu vya lugha mbalimbali, kikiwemo cha Kigogo cha Josephat Rugemalira, ambacho Wagogo wa Manyoni wanaweza kukisoma na kujiona ndani yake. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko mlangoni mwa Singida. Wanafunzi wake wengi wanatoka vijiji hivihivi.

Kazi yenyewe inaeleweka. Nakala za Obst, Dempwolff, Bleek na Kohl-Larsen ziombwe rasmi kutoka zilipo na zitafsiriwe. Zisomwe mbele ya wazee wa pande zote, Mhadzabe, Mnyisanzu na Mtaturu wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu hao watatu kwa pamoja ndio jiwe la Letoon la Mkalama. Kila neno liandikwe pamoja na sentensi lilimotumika, nani humwambia nani, na wakati gani. Neno tupu, kama Kangeju, limekwisha kutuponza mara moja. Wanaotoa maarifa walipwe kama wataalamu wanavyolipwa, waulizwe ni maneno gani ya siri hayapaswi kuchapwa, na wakiridhia, majina yao yawe kwenye jalada. Kisha kitabu kifike shule za Mkalama kabla hakijafika kwenye mkutano wowote wa kimataifa.

Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama inaweza kuandika barua ya kwanza kwa Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka huu huu wa fedha. Baraza la madiwani lina nguvu ya kutosha kuiazimia, na wabunge wa Singida wana nafasi ya kuisemea bungeni. Wazee wanaokumbuka yale majina ya wanyama waliouawa wako hai, waendewe sasa.